Chifu Alipolegeza Amri

Mjukuu wangu Mwende,

Hatujambo, na mamako amepona mguu. Umeniuliza: unauguza vibarua wanaozimia kwa joto hapo Doha, huku serikali zikipunguza kodi ya moshi wa viwanda na kulegeza malengo ya tabianchi; je, kuna tumaini?

Nikiwa msichana, chifu alikataza kukata miti penye chemchemi yetu. Wachoma makaa walipolalamika, akailegeza amri. Mama yangu akamwambia mbele ya baraza, "Wewe legeza, sisi tutapanda."

Tulipanda, wanawake sita, tukichekwa. Maji yalipopungua, chifu aliirudisha amri, akaja mwenyewe na mche mkononi. Miti yetu ilikuwa imeshampita kimo.

Usichoke, mama.

Nyanya yako