Simbi Aliyeatamia

Kukhu, bibi yangu, mjukuu wako nakusalimu kutoka Msambweni.

Simbi uliyoniagiza nimepata. Kumbe ni nyumba ya konokono wa baharini! Leo maji yalipokupwa nilienda mwambani na mama anayeziuza. Zamani alikuwa akijaza kikapu. Leo tulizunguka mpaka jua likawa kali, tukapata mmoja tu, ameatamia mayai yake.

Nikamwambia, "Kwetu Khayega kuku akiatamia hatumchinjangi, hata mgeni akija."

"Nasi tulikuwa twawaacha," akajibu. "Lakini nikimwacha huyu, mwenzangu atamchukua."

Akambandua. Visamaki vikayavamia mayai.

Nilikasirika sana, ilhali pesa za kumnunua ni mimi niliyetoa. Uivae kwa afya njema, Kukhu, lakini tafadhali usiniagize nyingine.