Majivu ya Tambya na Kidole Nilichokificha

Mpendwa Dada Mandakini,

Naomba msaada wako kabla mume wangu Hemant hajarudi na lori lake, maana hapa kwetu Lasalgaon nyumba nzima imeingiwa na hofu na sijui nimwambie nani. Mbwa wetu Tambya, tuliyemwita hivyo kwa rangi yake ya shaba, amekufa, nami nilimpeleka mjini Nashik kwenye tanuri la kuchomea wanyama, nikamvisha maua ya manjano shingoni kama mtu wa nyumbani, na moto ulipokwisha mwenye tanuri akanipangia vyombo mezani: kisanduku cha mbao chenye nafasi ya picha, kopo la shaba lenye kifuniko, na chungu cha udongo kilichofungwa kitambaa chekundu, nikashindwa kuchagua, nikalia mpaka akaniletea chai. Akanitilia majivu kwenye chungu cha udongo, akasema, "Nenda ukatulie kwanza, mama. Ukiamua kingine, rudi tubadilishe."

Nilipofika nyumbani mama mkwe wangu, tunayemwita Aai, yaani mama, alisimama langoni. "Majivu hayaingii ndani penye mtoto," akasema. Nikamwambia, "Aai, huyu ni Tambya, aliyekuwa akilala miguuni pako." Akajibu, "Aliyelala miguuni pangu hakuwa na macho yale." Basi chungu kinaning'inia kwenye mwarobaini nje, na kila nikipita nageuza uso.

Dada, macho hayo ndiyo yanayonitesa. Nilimwokota mtaroni akiwa kitoto, akakua pamoja na binti yangu Ovi, hajawahi kumkwaruza mtu, lakini kabla ya kufa alibadilika. Zamani kidogo alirudi kutoka nyuma ya soko la vitunguu sikio limechanika, alikuwa amepigana na mbwa mgeni, sikio likapona tukasahau, kisha baada ya wiki kadhaa akaanza kujificha uvunguni, sauti ikawa kama ya mtu aliyekabwa, taya likalegea, udenda ukamtiririka, nikimwekea maji anayakodolea na kutetemeka, nami nikadhani amekwamwa na mfupa, nikaingiza mkono kooni, akaniuma kidole. Akaniuma mimi, Dada. Baada ya hapo hakukaa sana, akafa. Jirani yetu Bi Vatsala anasema mbwa akimuuma mlezi wake wakati wa kufa amemwachia laana, na roho yake haiondoki mpaka iondoke na mtu. Ovi anaamka akimwita Tambya. Kidole nilikipaka manjano kikapona, sikumwambia mtu, kwa sababu nilijua Aai atasema ndiyo hayo aliyoyaona.

Niambie, kopo lenye kifuniko litamtuliza? Nikayamwage majivu mtoni Godavari upesi, au nikiyamwaga atazidi kunikasirikia? Na je, alikufa ananichukia?

Mwenye hofu,
Sharayu

*

Sharayu,

Barua yako sikuiacha ingoje siku ya gazeti. Nilipofika kwenye taya lililolegea niliiweka chini nikapiga namba uliyoiandika. Tuliyosema nayachapa kwa ruhusa yako, kwa sababu najua uko na wenzako wengi.

Nilikuuliza, "Umechomwa sindano?"

"Sindano ya nini, Dada? Niko jikoni hapa. Nichukue chombo kipi?"

"Zima jiko. Tambya alichanjwa mwaka huu?"

"Hemant ndiye humpeleka. Mwaka huu hakupata nafasi."

"Na Ovi, alirambwa?"

"Alikuwa amechubuka goti. Tambya alimramba, kama siku zote."

Nikakuambia umchukue mtoto mwende hospitali ya serikali saa hiyo hiyo. Ukaniuliza Aai atasema nini. Nikasema, mpe simu.

Mama yule hakunigombeza. Alisema polepole, "Mjomba wangu alikufa hivyo, akiyaogopa maji. Nilipoyaona macho ya mbwa nilijua. Nikadhani nikilitaja jina la ugonjwa ule nitakuwa nimeuita." Nikamwambia, "Litaje sasa, mama." Akalitaja: kichaa cha mbwa. Kisha nikamsikia anamwita Ovi avae viatu.

Sasa nikukemee. Manjano ni ya mchuzi. Kidonda cha mbwa huoshwa kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, halafu huyo unakwenda kwa daktari, hata kama ni mkwaruzo, hata kama kimeshafunga. Ugonjwa huu husubiri mwilini kimyakimya, na ukishajitokeza karibu hakuna anayepona. Ulikuwa unakiogopa chungu mtini huku hatari iko kidoleni mwako na gotini kwa mwanao. Bi Vatsala angekuzika kwa laana yake ya kubuni.

Uliponipigia tena umeniambia mmeshadungwa sindano za mwanzo, wewe na Ovi, na wewe umedungwa na pale kwenye kovu. Daktari amesema hamna dalili na mmewahi. Bado unatetemeka ukinywa maji, kila funda unajipima koo. Nakuelewa. Mimi pia ningetetemeka. Usijifiche na hofu hiyo. Mwambie Aai kila inapokujia, maana yeye ameibeba miaka mingi kuliko wewe.

Kuhusu chombo: majivu yaliyopita motoni hayaambukizi wala hayamfuati mtu. Kopo la shaba ni zuri kama unataka kukaa naye, lakini usilinunue ili kumfungia. Kwenu majivu hayakai ndani, na Aai hajakosea kutaka desturi yake. Mwache kwenye chungu cha udongo. Mkimaliza sindano zote, nendeni mtoni watatu, wewe, Aai na Ovi, na Ovi ashike chungu mwenyewe, amuage.

Hakukuchukia. Aliyekuuma ni ugonjwa, kinywa tu ndicho kilichokuwa chake. Mlilie mbwa wako bila aibu.

Leo, kabla hujafanya lingine, mpigie Hemant huko barabarani umweleze yote mwenyewe. Kisha bisha hodi kwa Bi Vatsala, kwa upole, umuulize kama naye aliguswa na mate ya Tambya siku zile. Akisema ndiyo, usibishane naye habari za roho. Mshike mkono umpeleke hospitali.