Faili Niliyoambiwa Nisiiguse

Mpendwa mshauri, naomba unitoe katika shimo nililojichimbia mwenyewe, kwani nakuandikia nikiwa nimeketi stoo ya karakana yetu, juu ya katoni la boliti, na wenzangu wanadhani nahesabu boliti hizo. Mimi ni mchoraji msaidizi wa mitambo kwa kompyuta, na kazi hii nilitafutiwa na shemeji yangu, mke wa kaka, ambaye ndiye mchoraji mkuu na sasa yuko likizo ya uzazi, naye ndiye aliyechora mashine ya kufunga sabuni ambayo mteja anakuja kuitazama Ijumaa. Shemeji ana akili nyingi, mshauri, lakini majina ya faili zake ni fedheha: kuna “mhimili mpya”, “mhimili mpya zaidi”, “mhimili wa kweli”, na moja iitwayo “USIGUSE”, basi Jumatatu, kwa nia njema kabisa, nikazibadilisha majina faili zote mia mbili na kumi na mbili, nikazipanga katika folda mpya, na hata ile ya USIGUSE nikaigusa, nikaiita “kishikio cha kushoto”. Nilipofungua mchoro mkuu, ule unaokusanya sehemu zote kuwa mashine moja, kompyuta ikasema haizioni, kumbe mchoro ule huzitafuta kwa jina na mahali zilipowekwa; mashine ikabaki kama mifupa ya samaki sahanini, nati zinaelea hewani, alama nyekundu zimejaa pembeni. Nikahaha, nikawa naionyesha kompyuta faili yoyote iliyofanana na iliyopotea, ndipo gurudumu la toroli la mwaka jana likakaa mahali pa roli ya karatasi ya kufungia, fundi mchongaji vyuma akachungulia, akasema, “Ndugu yangu, hii sabuni inafungwa au inapelekwa shambani?”

Ningecheka, lakini mkurugenzi alipouliza kulikoni, nilijibu kwamba kompyuta imepata hitilafu, naye akaona sakafu imelowa chini ya meza, akaamua kuwa mama wa usafi ameng’oa waya kwa dekio. Mama akajishika kiuno: “Bosi, dekio langu limepita chini ya meza hii miaka sita. Leo ndiyo limesomea kompyuta?” Hata hivyo ameambiwa akae nyumbani hadi uchunguzi ukamilike, nami nilikuwa palepale, kimya. Nikisema ukweli nitafukuzwa na nitamwaibisha shemeji. Nikinyamaza, mama wa watu anapoteza kazi. Nifanyeje?

Mimi, Mpanga Folda

*

Mpanga Folda, pole sana. Na pole hiyo ndiyo ya mwisho utakayoipata kwangu leo.

Kosa lako la kwanza nalielewa. Nani kati yetu hajawahi kuwashwa na mikono alipoona kabati la mwenzake? Mume wangu, aliyechora mitambo kwa miaka thelathini, nilipomsomea barua yako aliweka kikombe chini, akauliza neno moja tu: “Ameuhifadhi mchoro mkuu na toroli ndani?” Hukutuambia. Kama hujauhifadhi, ufunge bila kuuhifadhi. Kama umeuhifadhi, omba nakala ya akiba ya wiki iliyopita. Kisha rudisha kila faili jina lake la zamani na mahali pake pa zamani. Majina hayo huyakumbuki? Anayeyakumbuka yupo, ananyonyesha, na simu anayo. Zikibaki chache ambazo hazijaonekana, anza na vikundi vidogo vya sehemu, kama roli na beringi zake, mashine nzima iwe ya mwisho; na usiionyeshe kompyuta sehemu yoyote kabla hujahakiki vipimo vyake, maana sura umeshaona zilikufikisha wapi. Siku nyingine ukitaka kubadilisha jina, libadilishe ndani ya programu ya kuchorea, mchoro mkuu ukiwa wazi, ili nao upate habari.

Lakini hiyo ni kazi ya mchana. Asubuhi, kabla hujawasha kompyuta, utabisha mlango wa mkurugenzi. Eti “imepata hitilafu”! Wewe uliyechukizwa na majina yasiyo sahihi, hilo nalo uliliona ni jina? Mwambie ni wewe, mwambie utakavyorekebisha na itakuchukua siku ngapi. Huenda akakufukuza. Ukifukuzwa kwa kosa lako, utakuwa umeonewa na nani?

Akishakusikia, muombe ruhusa uende mwenyewe nyumbani kwa mama yule. Usitume ujumbe wa simu. Habari za folda usimpe, hana haja nazo. Sema: “Mama, niliharibu mimi, nikanyamaza ukalaumiwa wewe. Nimekuja kukuomba radhi.” Atakukaripia. Simama umsikilize mpaka amalize. Na ukiona amenyamaza kuvuta pumzi, usidhani amemaliza.