Siku Niliyolala Katikati ya Uwanja

Jumanne, 3 Juni
Vitumbua vimeisha kabla ya saa mbili. Baridi hii, kila mtu anataka cha moto. Nimeungua vidole viwili. Jirani yangu Mama Rehema kaleta habari: mpira unaanza hapa Mfaranyaki kila Jumamosi. Watoto kwanza, wakubwa baada yao. Wasichana wanaruhusiwa. Kina mama pia. Sharti ni moja, mtoto aje na mzazi, na mzazi naye acheze.
Mwanangu Faraja kasikia, karuka mpaka kamwaga uji. Ana miaka tisa, hajawahi kuniomba kitu. Nimesema tutaenda. Halafu nikaanza kuogopa. Akivunjika mguu je? Na mimi nitavaa nini?

Ijumaa, 6 Juni
Nimemshonea bukta kwa sketi yangu ya zamani. Mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Kaivaa juu ya gauni, kazunguka nyumba nzima.

Jumamosi, 7 Juni
Sitasahau.
Kocha anaitwa Kikoti. Mwalimu, kahamia mwaka huu kutoka Iringa. Mhehe. Mimi Mngoni. Basi sisi ni watani, na mtani ana ruhusa kukutukana mchana kweupe na wewe ucheke. Ndivyo tulivyolelewa.
Faraja kaukimbilia mpira wa kwanza, kapiga hewa, kaanguka chali. Kikoti kashika kiuno. “Mngoni huyo! Babu yake alianguka hivyo hivyo akimkimbia babu yangu. Mtani, mrudishe huyu nyumbani akachunge kuku!”
Uwanja mzima kucheka. Na mimi nikacheka. Mdomo ulifunguka wenyewe.
Wenzake wameandikwa kwenye daftari la timu. Yeye hapana. Kakaa nje ya mstari mpaka mwisho. Zamu ya wazazi ilipofika nilikimbia na wenzangu, sijui hata nilikimbilia wapi.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani. Sikukomunika. Nitapokeaje, wakati mawazoni namwona Kikoti anatumbukia chooni?

Jumanne, 10 Juni
Faraja leo kaepua sufuria kwa ile bukta. Kaifanya kitambaa cha jikoni. Nikamuuliza kwa nini. Kasema bila kuniangalia, “Hata wewe ulicheka, mama.”
Nimekaa juu ya kinu.

Jumatano, 11 Juni
Mama Rehema anasema nikamshitaki kwa mtendaji. Kesi gani? Utani hauna kesi. Ukinuna, umeshindwa. Kumlipa nitamlipa, lakini iwe kwa utani huo huo, asiwe na pa kusemea. Nimewaza upupu ndani ya kofia yake. Nimewaza mengi. Namchukia mpaka meno yanauma.

Jumamosi, 14 Juni
Faraja kagoma kwenda. Nimeenda peke yangu, nikasimama pembeni. Kikoti kanipungia mkono, “Mtani, kuku hawajambo?” Nikacheka tena. Sina akili.

Jumapili, 15 Juni
Maposeni kwa mama, kupukuchua mahindi. Faraja yuko na binamu zake, hataki kukaa karibu yangu.
Mama kayakumbuka mazishi ya baba. Kulikuwa na mama mmoja wa Kihehe. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa, akaingia, akalala mle ndani. Akasema maiti hashuki mpaka apewe jogoo. Wajomba walimbembeleza, hakuna aliyethubutu kumgusa. Mtani akilala hanyanyuliwi kwa nguvu. Kapewa jogoo wake, katoka anajifuta udongo, halafu kalia kuliko sisi wenye msiba.
Nimepukuchua gunia zima, vidole sivisikii. Nimeshajua nitakachofanya.

Alhamisi, 19 Juni
Jumamosi watoto wetu wanacheza na watoto wa Msamala. Diwani anakuja. Vizuri. Aje. Nimefua kitenge changu kizuri.
Nikifukuzwa? Faraja akizidi kunikasirikia? Siachi. Nimemwambia twende tu, atazame. Kakubali kwa kichwa.

Jumamosi, 21 Juni
Nimelala.
Filimbi haijalia, nikaingia uwanjani, nikatandika kitenge katikati kabisa, nikajinyoosha na mwiko wangu kifuani. Umande ulipenya mpaka mgongoni. Kikoti kaja mbio.
“Mtani, inuka, mgeni anangoja.”
“Mngoni amekufa. Mnazika au mnacheza?”
Watu wakalipuka. Kina mama wakaanza vigelegele. Mmoja akajitupa chini kunililia. Kikoti kaleta soda. Nikafumba macho. Kaahidi kuku mzima.
“Kuku wako nani atamchunga?”
Hapo akaelewa. Kachuchumaa, sauti chini. “Unataka nini, dada?”
Mimi nikasema kwa nguvu, wote wasikie. Kwanza, jina la Faraja liandikwe sasa hivi. Pili, azunguke uwanja wote akiita kuku.
Kaandika. Kisha kazunguka. Kuru kuru kuru, na mwiko wangu mkononi, mbele ya diwani. Kona ya pili suruali ikaanza kumshuka, akawa anaivuta kwa mkono mmoja na kupunga mwiko kwa mwingine. Nimecheka mpaka mbavu zimeuma. Utamu wake siufichi, daftari hili hakuna anayelisoma. Angekubali, ningemwambia arudie.
Faraja kaingizwa dakika za mwisho. Mpira haukumfikia.
Zamu ya wakubwa, nimemkwatua Kikoti. Kaanguka kifudifudi. Utani.

Jumatatu, 23 Juni
Nimemuuliza Faraja kama amefurahi. Kafikiri kwanza. Kasema wenzake hawampi mpira. “Wanasema nikianguka utakuja kulala tena.”
Kalisema polepole, kama mtu mzima. Kisha kaendelea kuchambua mboga.
Nilidhani namlipia yeye.

Jumatano, 25 Juni
Kikoti kapita asubuhi. Kala vitumbua viwili, kaniuliza kama Mngoni amefufuka, kaingia jikoni kwangu, kachukua mwiko ule ule, kaondoka nao huku anapiga mluzi. Siruhusiwi kusema neno. Ugali nimesonga kwa mpini wa jembe.
Filimbi yake huwa inaning'inia shingoni. Nimeiona. Siku yake ipo.

Jumamosi, 28 Juni
Faraja kaamka mwenyewe, kavaa bukta. Ina masizi ya sufuria. Njiani kanishika mkono mpaka pale watu wanapoanza kuonekana, kisha kaniachia.
Kamwambia kocha anataka kukaa golini. Nimemuuliza sababu. Kasema golini huhitaji mtu akupe mpira, unakuja wenyewe.
Umekuja kweli. Miwili kaidaka, mmoja kwa kifua, nikasikia kishindo chake nikataka kukimbilia. Nikajizuia. Wa tatu kautokea, kapiga hewa, kaanguka chali. Vile vile kama siku ile.
Watu wakacheka. Kikoti naye.
Faraja hakuwatazama wao. Kageuza kichwa pale pale chini, kanitazama mimi.
Nimeukaza mdomo.
Kainuka, kajipangusa matako, kaenda kuufuata mpira kwenye migomba.