Fatiha Imesomwa, Saini Hakuna

Shoga, upo? Hafidhi wangu amejilaza mkekani na tai shingoni. Hata viatu hakuvua. Nimechoka kumtazama.

Ule mkataba wa hatifungani za kampuni yao ya mwani, si leo ndiyo ulikuwa urekebishwe? Wasogezewe miaka miwili ya kulipa. Watie saini watatu: Hafidhi kwa niaba ya kampuni, Mzee Shaibu aliyewadhamini kwa minazi yake, na Apolonia, yule wakili wa Dar anayewasimamia wenye hatifungani.

Basi wamekaa Kilindoni asubuhi nzima wanabishania vifungu. Mwisho mzee akasema, "Haya, nimeridhia." Ikasomwa Fatiha, wakajipangusa nyuso, pilau ikaletwa. Wameshiba, Apolonia akapewa bahasha yake ya mkataba akawahi ndege.

Saa kumi kamtumia Hafidhi picha ya ukurasa wa saini. Ipo saini ya huyo wakili tu, aliyoitia kabla ya kikao. Nafasi mbili tupu. TUPU, shoga! Watu wazima wamesoma dua, wamekula, wameagana, hakuna aliyeshika kalamu!

Na mwisho ni kesho. Ikipita, wenye hatifungani wanaanza na minazi ya mzee.

Hafidhi kampigia mzee, kamwomba wapande ndege ya asubuhi wakasaini Dar. Mzee kamjibu taratibu tu: "Tumeshasoma Fatiha, mwanangu. Anayetaka saini baada ya hapo, hamwamini nani?"

Na Fatiha yenyewe aliianzisha Hafidhi mwenyewe, ili mzee asije akageuka.