Makofi ya Uwanja Usiokuwepo

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko? Kifua kimeachia, au bado unakohoa kama trekta na kumwambia kila mtu ni vumbi tu? Sisi wazima. Baba goti linamsumbua kukiwa na baridi, ila ulimi hauna shida yoyote. Mimi bado nasuka; vidole vinalalamika, wateja hawakatiki.

Barua yako niliisoma, nikaiweka chini, nikalia. Uliposema sauti ya Mama haikujii tena, kwamba uso wake unauona vizuri lakini mdomo unacheza tu, sikutaka kukujibu kwa maneno matupu. Ndiyo maana nimekawia. Usidhani nimekususa.

Unaujua ugonjwa wangu wa santuri za uongo, ule unaomfanya shemeji yako aseme nyumba imegeuka stoo. Nimeongeza mbili. Moja ni ya mwimbaji kipofu aliyekuwa anaona vizuri kuliko mimi. Nyingine ni ya bendi ambayo haikuwahi kuwepo. Wale vijana wenye magitaa kwenye jalada walikuwa wauza viatu, waliitwa kupigwa picha tu. Cheka utakavyo. Uongo uliofanyiwa kazi kwa bidii namna hiyo unanifurahisha.

Lakini tangu barua yako nilikuwa natafuta moja kimyakimya. Unakumbuka tulivyosimuliwa kuwa Mama alikuwa akifagia na kuchemsha chai kwenye studio ya muziki kabla hujazaliwa? Na ile hadithi yake, kwamba bosi aliwakusanya wafagiaji, madereva na walinzi katika chumba kimoja wapige makofi na kelele, kisha santuri ikauzwa kama tamasha la uwanjani? Sisi tulijua Mama anatia chumvi kama kawaida yake.

Kumbe. Fundi redio wa jirani na saluni, yule tunayemwita Nyaya, ameipata katika vitu vya mtu aliyehama. Jalada limeliwa na unyevu, lakini jina la studio linasomeka, na watu kwenye picha wamejaa mpaka juu ya ukuta. Nilimwachia santuri zangu mbili nzuri kwa hiyo moja, na sijutii.

Jana nikaiweka kwenye gramafoni hapa kwa Baba. Upande wa kwanza ni makofi matupu, na ukitega sikio unajua kabisa hao si watu wa kujaza hata basi. Upande wa pili mwimbaji anajifanya anaondoka jukwaani, watu wanamwita. Hapo mwanamke mmoja akawapita wote kwa sauti: "Rudi basi, unakwenda wapi?"

Nilidhani ni Mama, lakini sikujiamini. Mtu mwenye hamu husikia anachokitaka, na mimi najua kuliko wengi jinsi santuri zinavyodanganya.

Baba alikuwa kwenye korido anavaa viatu aende kwa kinyozi. Sikuwa nimemwambia lolote. Akajibu bila hata kuinua kichwa: "Siendi mbali, mama watoto. Narudi sasa hivi."

Akaja akasimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni, akaniambia nirudishe pale pale. Tulirudisha mara nyingi, tukicheka na kulia, maana baada ya kuita Mama anacheka kile kicheko chake cha kukwama, kama mtu aliyepaliwa.

Nilijaribu kuirekodi kwa simu nikutumie. Simu ikachukua makofi, sauti ya Mama ikaimeza. Basi nikamwambia Baba santuri ikae chumbani kwake, kwa kuwa ni yake kuliko yetu sote. Akaifuta kwa ncha ya shati, akaiingiza kwenye jalada polepole, akanirudishia.

"Mpelekee mtoto," akasema. "Mimi bado namsikia."

Kwa hiyo inakuja. Binamu yetu nesi anasafiri kuja huko mwezi ujao, na ameapa kuipakata njia nzima. Wewe tafuta mtu mwenye gramafoni, na usiende peke yako.

Shemeji yako anakusalimu, shangazi anakusalimu, na Nyaya anauliza utakuja lini umwone alivyozeeka. Mola akufunike huko uliko, akupe usingizi mtulivu na watu wa kukupenda karibu.

Wako akupendaye tangu ukiwa mgongoni mwangu,

Dada