Flashi Uliyoniachia

Kaka yangu uliye Maskati,

Nyumbani Mkoani wote wazima, alhamdulillahi. Asiye na raha ni mimi, na leo nakwambia kwa nini.

Unakikumbuka kile kilaptop chetu? Windows ilikuwa nzito, mpaka iwake mtu kesha pika uji. Ukaitoa, ukatia mfumo wa Linux, kikawa chepesi, ila waifai yake ikawa haitambuliki kabisa. Ukakichomekea kidude cha pembeni cha kunasia waifai, ukajisifu siku nzima. Mama akakwambia, "Basi na kikupikie!" Tulicheka! Nawe ukamrekodi papo hapo akipepeta mchele na kukugombeza, "Hebu kizime hicho, wan'tia aibu." Sauti zake zote ukazitia kwenye flashi, ukanikabidhi ulipoondoka. Ukaniusia, "Kilaptop usimpe fundi kabla hujaniuliza."

Mama alipofariki, flashi ile niliifunga ndani ya kanga yake. Baadaye kidude kikafa, na maksi za wanafunzi wangu zataka kutumwa. Sikukuuliza. Nilichoka na ujuaji wako, ndiyo kweli yenyewe. Nikakipeleka kilaptop kwa fundi mjini Chake, akarudisha Windows, waifai ikanasa bila ya kidude chochote. Nikaona nimekukomesha.

Siku ya pili yake nikatamani kumsikia Mama. Nikachomeka flashi. Kumbe uliitengeneza kwa Linux, na Windows haiwezi kuisoma. Ikaniambia lazima niifomati kwanza ndipo itumike. Mie nikadhani ndiyo kuifungua, nikabonyeza ndiyo. Ikafunguka tupu. Nikaijaza video za harusi ya shoga yangu, nikijua sauti zitatokea tu. Fundi alipokuja kujaribu kuzirudisha, wapi! Video zilikwishakalia mahali pake.

Sasa umejaaliwa binti, umempa jina la Mama, na Ijumaa kwenye akika unataka watu waisikie sauti ya bibi yake. Kila ukiniuliza nakujibu mtandao mbovu. Uongo, Kaka.

Na jana nimefanya la aibu zaidi. Wajua watu husema sauti yangu na ya Mama ni moja. Nikajifungia chumbani, nikajirekodi nikikugombeza kama alivyokuwa akikugombeza yeye. Nikaisikiliza, nikalia. Kidole kikawa tayari juu ya kutuma. Yarabi, nikaogopa utaamini ni yeye, sikuituma.

Waambie wageni wako hakuna sauti ya Mama. Niliifuta mimi.

Nisamehe ukiweza,
Mdogo wako